Tovuti ya Majoho ya Felistus

Busia,
14 Mei 2025

Kwako shemeji yangu Felistus,

Pokea salamu zangu kutoka huku mpakani. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Masaba, wewe na binti yetu Carol, na kwamba kile kikohozi kilichomshika siku za Pasaka kimeshamwachia. Mimi mwili ni mzima. Mama yuko Tororo, macho ndiyo yanamsumbua, lakini karanga zake bado anapalilia mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mvua imetupiga sana mwezi huu, soko limekuwa tope tupu na wauza mitumba wamehamia kwenye vibaraza vya maduka.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kompyuta. Nimekupigia simu mara nyingi, nikakata kabla haijaita. Ndiyo maana nimemwomba Bwire, yule wa bodaboda anayeleta mihogo ya huko kwenu, akupe barua hii mkononi, asimwachie kaka yako Maloba wala mtu mwingine. Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu siku kaka yangu Obore alipokuleta nyumbani, maana wewe Kiteso hakikukuingia na Kisamia changu ni cha kununulia samaki tu. Nakuomba utafute mahali ukae peke yako, uisome mpaka mwisho.

Nianze na habari ya kazi, kwa sababu humo ndimo mambo yote yalimo.

Mwezi wa pili alikuja ofisini kwangu mzee mmoja anaitwa Ochwo, mwenye kinu cha kusaga mahindi kule Nagongera. Mwaka jana nilimtengenezea tovuti ili auzie shule unga. Siku ya soko alikutana na mwalimu mkuu mmoja, ambaye alimlaumu kwamba amemwandikia mara mbili kwenye tovuti na hajajibiwa, basi shule imenunua unga kwingine. Ochwo hakuwa amepata ujumbe wowote. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti, akashika kofia yake, akaniambia, "Odeke, umenijengea duka zuri sana, lakini mlango hukuweka."

Alipoondoka nilikumbuka tovuti yako, shemeji. Ndiyo ya kwanza niliyotengeneza maishani mwangu.

Mwaka ule wa 2021 nilikuwa nimetoka chuoni Kisumu, kichwa kimejaa. Wewe ulikuwa na vyerehani vinne na mafundi wawili, unashona majoho ya kwaya, na kwaya zilikuja kutoka Malaba, Bungoma, hadi Mbale. Nilikuambia kwamba dunia imehamia kwenye intaneti. Ulinijibu kwamba watu wako wanakujua kwa kuambiana kanisani. Nilicheka. Obore naye akakuambia umpe nafasi mdogo wake ajaribu mkono, na kwa ajili yake ukakubali.

Siku ile ya Ochwo nilitoka nje, nikaazima simu ndogo ya mama wa chai, nikaifungua tovuti yako kama mgeni anayetafuta joho. Nilisimama juani nikingoja picha zifunguke, bando la yule mama likaisha, nikamnunulia lingine. Zilipofunguka, kwaya ikaanza kuimba yenyewe kwa sauti kubwa, nami sikuona pa kuizimisha. Picha ya mbele ilikuwa ya Wazungu wamevaa majoho ambayo hukuyashona wewe. Yale yako ya zambarau yenye msalaba wa nyuzi za dhahabu, ambayo watu waliyapenda, hayakuwamo. Maneno yote yalikuwa Kiingereza kikubwa nilichonakili mahali, kwamba sisi ni wataalamu wa masuluhisho ya kiwango cha dunia. Jina lako lilikuwa juu kabisa, lakini hakuna palipoandikwa kwamba Felistus anashona majoho. Hakuna palipoandikwa Busia, wala upande gani wa mpaka. Bei zilikuwa za 2021. Na namba ya simu niliificha chini kabisa, ndani ya picha, ili ipendeze, ukiibonyeza haipigi.

Tena ilikuwa namba yako ya zamani. Unaikumbuka siku uliyoibiwa mkoba sokoni, Januari 2023? Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la Obore, naye alikuwa safarini, kwa hiyo hukuweza kuirudisha. Ulinipigia ukaniomba nibadilishe namba kwenye tovuti. Baada ya wiki tatu ukaja mwenyewe ofisini, umelowa mvua, ukaniomba tena. Nilikuambia wiki ijayo. Nilikuwa na wateja wa Kisumu, na kazi ya shemeji, nilijiambia, haikimbii.

Sasa nikupeleke kwa Obore, na unisamehe nikitonesha kidonda. Aliondoka Novemba 2022 kuendesha lori la mahindi kwenda Sudan Kusini, baada ya ule ugomvi wenu ambao hata mama aliusikia. Mpaka Januari alikuwa anapiga simu. Kisha kimya. Madereva wakaleta maneno kwamba ameoa Juba. Wewe ulingoja. Duka lilikuwa limeshaanza kufa, kwa sababu mimi ndiye niliyekushauri uache kibanda cha barabarani uhamie chumba cha nyuma, kwamba wateja watakuja kwa simu. Mafundi waliondoka, ukauza vyerehani, ukaacha hata kuimba kwaya kwa sababu ya wanawake waliokuita mke wa kuachwa. Krismasi ya mwaka huo wa 2023 ulinishika mkono jikoni kwa mama, ukaniuliza kama nina habari yoyote. Nilikujibu, "Shemeji, mtu asiyetaka kuonekana hatafutwi." Baada ya Mwaka Mpya ulirudi kwenu Masaba. Kila mtu alisema ni Obore aliyekuvunja. Mimi pia nilisema hivyo.

Kwenye tovuti yako kulikuwa na mahali pa mteja kuandika ujumbe. Nilipokuwa nikiijaribu, nilielekeza jumbe zote ziingie kwenye barua pepe yangu ya chuoni, nikikusudia baadaye kuweka ya kwako. Sikuiweka. Ile barua pepe niliacha kuifungua nilipopata kazi. Ndilo kosa lilelile nililolirudia kwa Ochwo.

Ilinichukua siku mbili kupata tena neno la siri. Nilipofungua, nilikuta watu zaidi ya arobaini walikuwa wamekuandikia. Padri mmoja wa Soroti alitaka majoho ya waimbaji thelathini kwa ajili ya Pentekoste. Mama mmoja wa Majanji aliuliza kama unashona magauni ya kipaimara. Kwaya ya vijana ya Malaba iliandika mara nne, mara ya mwisho kwa hasira. Nilisoma nikiona duka lako likifa mbele yangu, huku wateja wanabisha hodi.

Katikati yao kulikuwa na jumbe tatu ambazo hazikuagiza kitu.

Ya kwanza ni ya tarehe 9 Machi 2023. Nimeinakili kama ilivyo: "Felistus ni mimi Obore. Niko hai. Lori ilianguka ikawaka moto, mgongo imeumia, simu na karatasi yote iliungua. Namba yako ile naijua kwa kichwa haiingii. Hii simu ni ya nesi. Nimetafuta jina lako nikaona duka yako. Piga hapa nisikie sauti tu."

Ya pili ni ya Aprili: "Pengine uko na kazi mingi. Mimi nalala tu. Nangoja."

Ya tatu ni ya tarehe 20 Juni. "Felistus kama umekataa kunijibu sikulaumu. Niliondoka na maneno mbaya. Mwambie Carol baba yake alikuwa nakuja nyumbani."

Niliipiga ile namba. Nilitumaini isiingie. Ilipokelewa na mwanamke anaitwa Keji, nesi katika hospitali ndogo ya misheni kwenye barabara ya Juba. Nilipotaja jina la kaka yangu aliniuliza, "Wewe ni wa yule Felistus wa majoho?" Alinieleza kwamba Obore alikaa kwao tangu Februari hawezi kusimama. Walimpa dereva mmoja barua ailete Tororo, haikufika. Kila jioni, Keji alipomaliza zamu, Obore alimwuliza kama simu imelia. Mwisho vidonda vya mgongoni vikaoza, homa ikampanda. Alifariki tarehe 2 Julai 2023. Walimzika kwenye uwanja wa kanisa lao na kumwekea msalaba wenye jina lake. Hakukuwa na mwanamke Juba, shemeji. Hakuwahi hata kufika Juba.

Mume wako amekufa akidhani ulisoma maneno yake ukayapuuza. Na wewe umeishi ukidhani amekusahau. Kati yenu nilikuwa nimekaa mimi, mara mbili, kwa namba ambayo sikubadilisha na kwa barua pepe ambayo sikufungua.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuficha jambo lililo baya zaidi.

Haya yote niliyajua mwezi wa pili. Siku ya Pasaka nilikuja kwako, ukanichinjia kuku, Carol akanisomea daftari lake, na nilikuwa na zile jumbe mfukoni. Ulipoenda kuchota maji nilizitoa, uliporudi nikazirudisha. Nikajiambia nisikuharibie sikukuu. Wiki iliyofuata kaka yako Maloba alifika Tororo na ng'ombe wa mahari, kuwarudisha ili ndoa ivunjike, kwamba ukoo wenu umechoka kungoja mtu aliyemtupa binti yao. Mama alilia. Maloba alitafuta mwanamume wa nyumba wa kumkabidhi kamba, na mwanamume alikuwa ni mimi. Nilizipokea. Maloba alisema, "Basi, hatudaiani tena," nami nikaitikia. Neno moja tu kutoka kwangu lingemgeuza pale langoni, nami sikulitoa, kwa sababu baada yake watu wangeniuliza nilijuaje, na tangu lini.

Uoga ndio ulionizuia. Sina jina lingine la kuupa.

Tovuti yako nimeifunga. Ya Ochwo nimeitengeneza upya na nikamrudishia malipo yake, kisha nimeacha kazi hiyo. Sasa namsaidia jamaa mmoja kurekebisha simu hapa stendi. Mama bado hajui. Nimeona wewe ndiwe mwenye haki ya kujua kwanza, naye nitamwambia Jumapili baada ya misa, hata kama wewe hutanijibu. Nitamwambia pia kwamba wale ng'ombe niliwapokea nikijua, ili yeye na wazee wazungumze na Maloba wakijua ukweli.

Keji ametuma rozari ya Obore na shati lake kwa dereva wa kanisa, vimenifikia wiki iliyopita. Jumamosi nitavileta Masaba. Nitasimama barabarani karibu na mashine ya maji, sitaingia uani mwako. Ukitaka kuniona, utakuja. Usipotaka, mtume Carol au jirani avichukue, nami nitageuka nirudi bila neno, na sitakulaumu maisha yangu yote. Zile jumbe tatu nimeziandika kwenye karatasi ya peke yake, iko humu ndani ya bahasha, ili Carol akikua aweze kusoma maneno ya baba yake bila kusoma aibu yangu.

Msamaha siombi leo. Nimeandika ili ujue jambo moja, na uwaambie wale wanawake wa kwaya uso kwa uso. Hukuachwa, Felistus. Wewe ni mjane wa mtu aliyekutafuta mpaka pumzi yake ya mwisho.

Nisalimie Carol sana. Nisalimie mama yako na wote wa nyumbani. Mungu awakinge na mvua hizi.

Ni mimi, mdogo wa mume wako,

Trevor Odeke