Karatasi Chini ya Kiti

Kedungploso,
Java ya Kati.
3 Septemba 2006

Mpendwa Kaka Paryanto,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Johor, na lile bega lililokuwa linakusumbua kwenye michikichi limepoa. Sisi huku tunashukuru. Mama anakohoa asubuhi tu, na mke wangu Lastri bado anauza tempe zake za soya. Mwandiko usikushangaze. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

Nisikuzungushe. Nina ombi: nipe ruhusa nimtajie mama yake Sarwidi jina lako. Ndiyo, Sarwidi yule yule wa pikipiki, aliyefia mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji miaka sita iliyopita. Kabla hujaichana barua, soma kwanza yaliyonipata.

Mwezi wa Juni nilinunua pikipiki kuukuu iliyokuwa inalaliwa na kuku, ili Lastri aache kusukuma baiskeli na mzigo wake wa tempe. Nikasema nitaitengeneza mwenyewe, mimi ambaye hata plagi nilikuwa siijui. Nilifungua injini uani, nikaifunga, zikabaki skrubu nne. Nikaifungua tena, zikabaki sita. Mzee Jumiran, fundi wa njia panda, alikuja kuiona kabureta niliyoikaza kwa mpira wa kandambili, akacheka mpaka akakaa chini.

"Roso, hii kitu ukiiwasha itakuua."

"Ikiniua unizike na kandambili iliyobaki, Mzee."

Swichi ya ufunguo ilikuwa imekufa na sikujua kuitengeneza. Nikazitoa nyaya zake mbili nje: nikitaka kuwasha nazigusanisha, nikitaka kuzima naziachanisha. Siku ilipowaka, ua mzima ulijaa moshi, nami nililia kwa furaha. Sioni aibu kukwambia.

Jumatano moja ya Agosti nilipeleka tempe soko la Ngadireso. Nilipotoka nikachutama kugusanisha nyaya zangu. Sikujua kwamba juzi yake watu wa pale walikuwa wameibiwa pikipiki mbili. Mwanamke muuza pilipili akapaza sauti, "Mwizi huyo, anaunga waya."

Helmeti ilinipata mdomoni, nikameza meno mawili. Nilipoanguka wakanikanyaga mbavu, nikazisikia zikilia. Nikawaambia ni yangu, karatasi ziko chini ya kiti. Mwanamume mmoja, tena mtu mzima mwenye mvi, akasema, "Kila mwizi ana karatasi." Akachukua spana yangu mwenyewe, wenzake wakanibana mkono kwenye ukingo wa mtaro, akaupiga mpaka vidole vikaacha kunitii. Halafu wakachomoa mpira wa petroli na kunimwagia kichwani. Mtu akauliza nani ana kiberiti. Kaka, karibu wote walikuwa nacho.

Aliyeniokoa ni Mzee Jumiran, aliyekuwa amekuja kununua mnyororo. Mimi hakunitambua, uso ulikuwa umevurugika. Aliitambua kabureta.

"Nyie wapumbavu, mwizi gani ataiba takataka hii? Huyu si mwizi, ni fundi mbovu wa Kedungploso. Fungueni kiti."

Wakafungua. Karatasi zilikuwepo, na jina langu. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na yule mwenye mvi akaniwekea spana yangu kifuani, taratibu, kama mtu anayerudisha alichoazima.

Ile petroli iliponiingia masikioni sikumfikiria Mama wala Lastri. Nilimfikiria Sarwidi. Alikuwa anasukuma pikipiki iliyomzimikia, mchana kweupe, mwanzi wa hatari ukagongwa, nasi tukatoka mbio. Nilimpiga kwa mpini wa jembe mara tatu, ya mwisho kisogoni. Alisema maneno yale yale niliyoyasema mimi, na hakuna aliyefungua kiti. Polisi walipokuja, kijiji kizima hakikuona kitu, na mwezi uliofuata wewe ukavuka kwenda Malaysia. Naona aibu, Kaka, na hasira pia, na sijui nimkasirikie nani zaidi.

Alhamisi iliyopita, watu walipokuwa wanasafisha makaburi kabla ya Ramadhani, nilivuka mto kwenda kwa mama yake. Nilimtajia jina langu na nilichokifanya. Hakunitukana. Aliingia ndani, akatoka na karatasi za pikipiki kwenye mfuko wa nailoni.

"Polisi walinirudishia hizi. Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Nikasoma mpaka mwisho, jina la mwanawe na yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu alikuwa anabeba magunia mawili ya mpunga kwa mpigo. Wewe na mpini wako usingemweza. Nani alimshika mikono?"

Nikazirudisha karatasi kwenye mfuko wake wa nailoni. Akaniambia nirudi na jina kabla mwezi haujaandama.

Ulimshika wewe, Kaka, kwa nyuma, na uliniambia nipige. Ukiniruhusu, nitamtajia jina lako. Ukikataa, nitamwambia kwamba nimemuuliza mtu huyo, na amekataa.

Wasalimie Tugimin na Warsono mnaolala nao chumba kimoja. Lastri anakusalimu. Mama naye anakusalimu sana; hajui ninayokuandikia. Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akupe na moyo wa kunijibu.

Mdogo wako akupendaye, hata baada ya haya,
Suroso