Nukta ya Mwisho

Uko wapi?? Shika simu. Nimeharibu, tena vibaya.

Ile seva ya majina, ya kuelekeza tovuti na barua pepe, niliyojitapa kwamba nitaisimamisha mwenyewe nyumbani? Leo asubuhi nimeihamishia domeni, yaani anwani ya mtandaoni, ya maabara ya dada. Tovuti ikafunguka, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa hivi dada kapiga. "Mbona tangu asubuhi hatujapata barua pepe hata moja?" HATA MOJA. Nikamjibu ni mtandao. Mtandao!

Nimefungua faili la mipangilio ya seva. Mwisho wa jina la seva ya barua sikuweka nukta. Nukta! Na wewe ulinifokea kabisa: "Bila nukta itabandika jina la domeni mara ya pili." Imebandika. Barua zinatafuta mahali pasipokuwepo.

Nimeiweka. Bado haziingii, seva za watu zimeshakariri anwani mbovu niliyozipa na siwezi kuwafutia.

Mungu wangu. Dada kaandika: "Hospitali wanadai majibu ya damu waliyoagiza kwa barua pepe asubuhi. Mgonjwa yuko mlangoni pa upasuaji. Huo mtandao unarudi lini?"

Nampigia sasa. Namwambia si mtandao, ni mimi.