Dakika Kumi za Mama Kulwa

Jumanne, mwishoni mwa Oktoba. Joto kavu, na wingu moja upande wa Urambo ambalo halikuleta kitu. Nimechoka kidogo, sina huzuni. Naandika leo leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Nianze na Alhamisi iliyopita. Jumuiya yetu hapa Chemchem, Tabora, ni familia kumi na moja, tunasali nyumbani kwa zamu, na Alhamisi zamu ilikuwa ya Mama Kulwa. Ni mjane, fundi cherehani, na ndiye anayeanzisha nyimbo. Asipokuwepo, kila mtu anaanza na sauti yake na tunasikika kama watu wanaogombania kiwanja. Amekuwa na uvimbe shingoni kwa miaka mingi. Jumapili alikuwa anapanda treni kwenda Dodoma kupasuliwa, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba kisu kitapita karibu na mishipa ya sauti. Anaweza kurudi mzima na asiimbe tena.

Nina tabia moja ya kazi. Nikikaa penye watu wanaozungumza, naweka simu katikati na kurekodi. Nimefanya hivyo miaka zaidi ya ishirini, mara moja hata msibani, bila kufikiri. Wanajumuiya wamezoea. Wanairuka ile simu kwenye mkeka kama wanavyomruka paka. Simu ya pili inabaki mkononi mwangu, kwa ajili ya mhariri.

Jumapili mchana, treni ikiwa imeshaondoka, nilikuwa natafuta mahojiano ya mrina asali mmoja niliyemrekodi Alhamisi hiyo hiyo. Nikafungua faili nyingine kwa bahati mbaya. Ilikuwa ya jumuiya, karibu na mwisho wa sala.

"Mwandishi," anasema Mama Kulwa. Ndivyo anavyoniita. "Wenzako nimewaomba waje stesheni kunisindikiza. Wewe nakupa kazi nyingine. Jumanne saa tatu asubuhi, nikiwa kule ndani, kaa na Mungu dakika kumi. Usiandike, usishike simu. Kumi tu. Umenisikia?"

Kisha sauti yangu: "Nimekusikia, Mama. Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Hapo hapo."

Watu wanacheka. Mimi pia nacheka, kicheko cha mtu asiyejua kinachochekwa. Chini ya vicheko inasikika simu ya pili ikipokea ujumbe, mara mbili.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Katika kazi yetu, mtu akikana alichosema tunamwekea sauti yake mwenyewe. Sikuwa na la kukana. Sikukumbuka hata neno moja la ombi lake.

Sijawahi kuliacha kanisa. Jumapili nakaa benchi la tatu, na ukiniuliza mahubiri yalihusu nini nitakueleza kwa mpangilio, pamoja na mahali padri alipojirudia. Ukiniuliza mimi nilimwambia Mungu nini, sina maelezo. Siku zote nilidhani kitakachonitoa kwake kitakuwa kitu kikubwa: pombe, mwanamke, cheo. Nilijilinda na hivyo na nikajiona mwangalifu.

Kumbe ni mlio wa ujumbe.

Leo saa tatu nilikuwa nimepangiwa Igalula, kwenye mkutano wa kikundi cha wafuga nyuki. Sikumwomba mhariri anibadilishie, ningemwambiaje? Nilikwenda kwa pikipiki, nikafika saa mbili na nusu, nikasalimia, nikaandika majina ya viongozi. Ilipobaki robo saa nikatoka, nikaenda upande wa stesheni kwa Mama Zuhura, anayeuza chai na chapati. Nikamwomba anishikie simu zote mbili.

"Zote?" akaniuliza. "Umegombana na mkeo, baba?"

"Nataka kusali kidogo. Dakika kumi."

Akafuta mikono kwenye kanga, akazipokea. "Basi nenda. Atakayekuulizia nitamwambia upo kwenye swala. Mkristo, Mwislamu, hatajua."

Nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa la stesheni, reli mbele yangu, hakuna mtu. Saa ya mkononi ilionyesha saa tatu kamili. Haya ndiyo yaliyotokea, kadiri ninavyoweza kuwa mkweli.

Baba Yetu niliisali vizuri mpaka kwenye mkate wa kila siku, nikakumbuka chapati. Nikaanza upya. Mara ya pili nilifika mwisho, lakini nilifika kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Kisha nikatazama reli na kukumbuka kwamba misafara ya zamani kutoka pwani ilipita huku huku kuelekea Tabora, wapagazi na mizigo kichwani, na kwamba hakuna aliyeandika vizuri kuhusu walichokuwa wakikiwaza njiani. Nikawa na sentensi ya kwanza ya makala. Ilikuwa nzuri. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu.

Hiyo ilikuwa dakika ya tano.

Nikasema kwa sauti, "Mama Kulwa." Nikaliona koo lake lilivyo anapoanzisha wimbo, kidevu juu kidogo, jicho moja kwa wale wanaochelewa kuitikia. Nikakaa na picha hiyo. Sina hakika kama hiyo ni sala.

Kisha kelele zikaanza upande wa mkutano. Si za kawaida. Viti vilisogezwa kwa nguvu, mwanamume akapiga kelele, "Asitoke! Asitoke kwanza!" Mtu wa kazi yangu anajua sauti hiyo bila kuambiwa: habari ilikuwa inatokea pale, hatua mia mbili kutoka nilipokaa. Nilisimama. Nilitembea hatua nne, nimezihesabu. Nikatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika mbili na sekunde kidogo.

Nikarudi nikakaa.

Dakika hizo mbili niliogopa, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Niliogopa kwamba atazinduka na sauti haipo, na kwamba jambo alilonipa kulishika nilikuwa nalimwaga njiani. Nilimwambia Mungu hilo tu. Sikumpa maelezo ya ziada. Kisha mshale ukafika.

Mkutanoni nilikuta wamemwondoa mwenyekiti wao kwa kunyoosha mikono, naye ameshapanda baiskeli na kwenda zake. Dada mmoja wa redio alikuwa na sauti za pande zote. "Kaka, ulikuwa wapi? Chooni?"

"Nilikuwa nasali."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mhariri, nilipompigia, hakucheka. Alisema, "Uzee huo," akakata.

Habari hiyo wengine wanayo, mimi sina. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli, na kwa sababu iliniuma zaidi ya nilivyotarajia. Ningependa kusema nilipata amani. Nilipata vumbi na njaa, nikala chapati mbili.

Saa kumi jioni Doto, binti wa Mama Kulwa aliyemsindikiza Dodoma, akanitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo, baba. Mama ametoka salama. Daktari amesema aseme maneno machache sana kwa leo. Ameng'ang'ania kuyatumia kwako." Halafu mkwaruzo, kama mtu anayefungua mlango mzito, na ndani yake, nyembamba, Mama Kulwa:

"Mwandishi. Ngapi?"

Nilikuwa nimesimama uani. Niliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Sauti ipo. Kama itaimba hakuna anayejua bado, daktari anasema wasubiri wiki kadhaa.

Niliandika "Kumi." Nikaitazama. Ningemsahihisha mtu yeyote aliyeniletea namba kama hiyo. Nikafuta, nikaandika "Mbili," nikatuma.

Jibu lilichelewa. Nilidhani nimemvunja moyo mgonjwa. Kisha Doto akaandika: "Amecheka, akashika shingo, nesi kamgombeza. Anasema Jumanne ijayo, dakika tatu."

Jumanne ijayo saa tatu asubuhi. Nimetega kengele kwenye simu, kisha nimeifuta. Nitatumia saa ya mkononi, na simu zote mbili nitamwachia mke wangu. Ameshaniuliza kama nimegombana na mtu.