Chupa za Laha Hazitoki Hapa

Baba Wekesa,

Nimekaa kwa kiti chako, na usiniulize nani aliniruhusu. Uliondoka bila kuaga, kwa hivyo kiti ni changu.

Mwanao Wekesa ana haraka. Udongo wa kaburi lako haujashikana vizuri, na tayari anapima chumba cha nyuma kwa hatua, anasema kitatoa nyumba ya mpangaji. Nikamuuliza, na chupa za baba yako? Akasema, "Mama, hizo ni takataka." Takataka! Yeye aliyesomeshwa na mikono ya kuosha hizo chupa.

Unajua mimi sikuzipenda. Sitaanza kudanganya leo kwa sababu umekufa. Miaka yote nilikuambia ni upuzi, mtu mzima na akili zake kuzunguka kutoka Thika mpaka Ruiru, anaingia jikoni za watu kuulizia chupa za soda ambayo kiwanda chake kilifungwa zamani. Bado nasema ni upuzi. Lakini ni upuzi wako, na mtu asiuguse.

Sasa sikiliza. Jumamosi Wekesa akaja na pikapu, na ndani kijana mmoja mwenye jointi ya nyama choma huko Kamakis. Suruali imembana, miwani juu ya kichwa kana kwamba macho yako huko. "Niaje, shosho." Nikamwambia kwetu Bungoma nyanya anaitwa kukhu, si shosho, na mtu mzima hasalimiwi niaje. Akaingia chumba cha nyuma, akaona rafu zako, akapiga kelele. Zile zimeandikwa RAHA, jina lenyewe la soda, hakuzitaka. Alitaka za LAHA peke yake. "Shosho, hizi natundika kwa ukuta na taa ndani. Kastoma wakiona hiyo speling watacheka mpaka wasahau bili."

Damu ikanipanda. Kwa sababu mimi nakumbuka siku hizo chupa zilifika.

Mzee Njuguna, mwenye kiwanda, aliagiza chupa kwa simu, akatamka jina la soda yake vile ulimi wa kwao unatamka, R ikatoka L, na karani wa huko akaandika alichosikia. Lori likashusha chupa za LAHA, herufi zimetoka na kioo chenyewe, hazibanduki. Na wewe ulikuwa mle ndani kwa kuosha chupa, Mbukusu wao wa kusema soda "pariti" badala ya baridi. Walikuita Pariti kila siku, hata kwa foleni ya mshahara, mpaka ukaacha kuongea kazini. Uliniambia Mzee Njuguna alishika chupa, akasoma. Halafu akakugeukia wewe. "Pariti, hapa imeandikwa nini?" Ukamjibu, "Laha, mzee. Laha pariti sana." Akacheka mpaka akakalia kreti. Akasema zijazwe hivyo hivyo. Ukaja nyumbani na moja ndani ya koti, ukasema, "Mama Wekesa, leo nimepata kwetu huku Thika."

Na huyu azitundike walevi wachekelee?

Nikasimama mlangoni. Unajua mwili wangu, mlango ulijaa. Kijana akatoa pesa. Nikamwambia rudisha hiyo mfukoni, hapa ni chupa kwa chupa. Unataka ya Laha, leta ya Laha. Si ndiyo sheria ya duka lolote la soda? Wewe mwenyewe hukununua hata moja. Ulikuwa unaenda kwa mama wa watu aliyetia mafuta taa ndani, unamwachia chupa nyingine nzuri, unarudi na ile inanuka. Wekesa akasema, "Mama, unaniaibisha." Nikamwambia aibu ni kuahidi watu kitu cha baba yako nikiwa hai na sijaulizwa. Pikapu ikaondoka tupu, kuku wakitawanyika.

Nilidhani yameisha. Jana kijana akarudi peke yake, amebeba kitu kwa gazeti. Chupa ya LAHA! Ya shosho wake wa Ruiru, ameitoa jikoni na mafuta ya kupikia bado yako chini. Sikutaka kutoa yako hata moja. Lakini sheria ni sheria. Nikachukua yake, nikampa moja kutoka rafu yako. Akaangalia hiyo, akaangalia hii.

"Sasa kukhu, nimepata nini?"

Nikamwambia umepata chupa. Yako ni ya mafuta, yangu ni safi. Tukacheka mimi na yeye, Mungu anisamehe, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Hakutaja ukuta tena. Alisema shosho wake bado anaita soda yoyote laha, hata hizi za plastiki, na amemtisha asirudi nyumbani bila chupa ya Laha ya kuwekea mafuta. Kwa hivyo ile niliyompa imeenda kukaa na mafuta Ruiru, na iko salama kuliko Kamakis. Akakaa akinitazama nikitia mchanga na maji ya sabuni ndani ya ile yake, nikatikisa vile ulikuwa unatikisa. Kifundo cha mkono kikaniuma sana. Hiyo kazi inauma, Baba Wekesa. Miaka yote hiyo na hukusema. Mtu wewe. Hukusema hata mara moja.

Wekesa amenuna, anasema chumba kinakaa bure. Nimemwambia akitaka mpangaji, apangishe chumba chake cha kulala.

Huyo shosho ametuma neno kwamba majirani zake wana zingine, mmoja ameweka maua, mwingine amezichomeka kando ya shamba la sukuma. Alhamisi naenda Ruiru. Chupa za kubadilisha ziko tayari kwa kiondo, nimezifunga na leso zisigongane. Usifikiri nimekubali ulikuwa sawa. Sijakubali na sitakubali. Lakini nakuahidi, miguu ikinibeba nitaingia hizo jikoni zote, nitauliza bila haya vile uliuliza, na atakayetaka kutoa chupa zako hapa nyumbani Kalimoni atanitoa mimi kwanza.

Lala basi. Huko sina haraka ya kuja, kwa hivyo usikae macho ukinisubiri.

Mkeo,
Mama Wekesa