Sura ya Bwana Harusi kwenye Kabambe

Jumatatu, 3 Machi

Stima imerudi karibu saa sita. Nimegeuza video ziingie kwenye simu ndogo: kwaya mbili, somo la kufuga kuku, na mahubiri ya mchungaji anayepiga kelele mpaka spika inakwaruza. Zote za kabambe, zile simu za vibonyezo. Hapa Sultan Hamud watu wanapenda kusema kabambe zimekwisha. Waje wakae kwenye kaunta yangu siku moja tu.

Bibi mmoja amekuja kutoka Matiliku. Amesema nimwite Susu, yaani nyanya, kana kwamba ni nyanya wa soko lote. Mguu wake ni mbovu, kwa hiyo hakufika Kiboko kwenye ntheo ya mjukuu wake. Wamemtumia video kwenye memori kadi, lakini simu yake ya vibonyezo inaikataa. Faili ni kubwa, ya kamera ya kisasa. Nimeipunguza, nimeipa jina fupi maana simu hizo zinasumbuliwa na majina marefu, nikasikiliza sauti kidogo mwanzoni na kidogo mwishoni. Sikutazama. Huwa sitazami. Ningetazama sherehe za watu wote, macho yangeshaoza.

Ntheo. Mbuzi watatu wanapelekwa kwa kina msichana, mmoja anachinjwa, na nyama ikishaliwa msichana ni mke wa mtu, kanisa liwe limeona pete au halijaona. Mume wangu Kioko hajawapeleka wa kwetu Mutomo. Tuna watoto wawili. Kila Desemba anasema mvua ikinyesha vizuri. Imenyesha vizuri mara kadhaa.

Bado yuko Kiboko anangoja nyanya ziive ajaze pikapu.

Jumatano, 5 Machi

Susu amerudi. Amekasirika, lakini kwa heshima, na hiyo ndiyo hasira mbaya zaidi. Anasema simu imekubali, wimbo anausikia, mbuzi anawaona. Bwana harusi hamuoni. Kila akitokea ni doa tu lenye kofia.

Ana haki. Video ni pana, kioo cha kabambe ni kidogo na kinakaribia kuwa mraba. Ukiiweka yote unapata ukanda mweusi juu na chini, na watu katikati wadogo kama siafu. Dawa yake ni kukata pembeni, uchague mtu mmoja na umfuate kipande kwa kipande anavyotembea. Kazi ya kuchosha. Wateja wengi hawaidai, na mimi siwakumbushi.

Susu ameidai. Anasema amezeeka, huenda asifike tena Kiboko, na anataka kumjua mwanamume aliyepewa mtoto aliyemlea kwa mikono yake. Nimekubali. Ameniachia nambari yake nimpigie ikiwa tayari. Nimempenda huyu bibi, hata akinisumbua.

Alhamisi, 6 Machi

Ni Kioko.

Nimefunga duka mchana. Mwandiko huu hausomeki.

Niandike vizuri. Nilianza kukata asubuhi. Picha ya kwanza, wanaume wanaingia boma na mbuzi. Nikamchagua mwenye kofia, nikamvuta karibu, na mashine ikakawia kidogo kama kawaida yake. Kisha sura ikajaa kioo. Kovu la kidevuni alilopata mlango wa pikapu ulipomgonga. Shati la maua. Hilo shati nililipiga pasi mimi.

Nilifikiri ni mtu aliyefanana naye. Kweli, nilikaa nikifikiri hivyo, mtu mzima. Nikasema labda amemsindikiza rafiki, amebeba tu kamba ya mbuzi. Nikasogeza mbele. Msichana anamlisha kipande cha nyama na watu wanapiga vigelegele. Nikasimamisha hapo. Mdomo wake wazi, nyama iko njiani.

Mteja aliingia akauliza bei ya chaja. Sikumbuki nilimjibu nini.

Sijalia. Nimeshtuka mno kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitazama yote. Ni mara ya kwanza kutazama kazi ya mteja kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mama mkwe yumo. Anaongoza wanawake wanaobeba sukari na unga, anaimba, anacheza, magoti yale yale anayosema hayamruhusu kuteka maji. Wiki ya sherehe hiyo alinieleza anakwenda semina ya akina mama wa kanisa Machakos, na asubuhi kuna baridi, basi nikamwazima sweta yangu ya kijani. Ameivaa. Amekaa na sweta yangu anakula mbuzi wa mke mwingine, na anafuta mafuta kwa mkono wa sweta.

Kioko naweza kusema ni mwanamume, mjinga, amepagawa. Lakini mama? Tunaomba pamoja kila Jumatano. Ananishika mkono akiniombea. Hili limenipiga kuliko lile la jana. Sikujua kuna kitu kinaweza kupita lile la jana.

Kazi nimeimaliza. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya. Nimemfuata mume wangu kipande kwa kipande, nimemweka katikati ya kioo, nimeongeza mwanga pale kofia ilipomtia kivuli. Imetoka safi kuliko video yoyote niliyowahi kugeuza.

Susu amekuja mchana. Ameegemea kaunta, ameshika simu karibu na pua, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ako na sura ya mtu mpole." Nikasema ndiyo. Akauliza mbona leo nimenyamaza. Nikasema kichwa kinauma. Ameniombea hapo hapo, kwa jina la Yesu, mkono wake mkavu juu ya kichwa changu, na mimi nimesimama kama mti.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mama mkwe alikaa kando yangu kama kawaida. Aliimba. Alinipa peremende. Nimeila. Sijui ningefanya nini na peremende.

Kioko alifika baada ya chakula, na nyanya, na furaha, na soda za watoto. Nikawatuma watoto kwa jirani. Mama yake alikuwa bado yupo, heri awepo. Nikaweka kompyuta mezani, nikabonyeza.

Nilitaka adanganye. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nina majibu yangu yote tayari. Hakudanganya. Alitazama mpaka kipande cha nyama, akafunga kompyuta polepole, akasema:

"Na wewe nilikupelekea mbuzi lini?"

Hivyo tu. Hakupandisha sauti. Ndanu wetu yuko darasa la tano na huyu mtu ananiuliza swali kama karani wa ofisi.

Mama yake akasema mwanamume kuwa na boma mbili si habari mpya Ukambani, na kwamba nisiwe mtu wa kuvunja nyumba. Nikamuuliza sweta yangu iko wapi. Kati ya yote niliyotaka kusema, nilisema sweta.

Moyo unaniuma kama kidonda kilichomwagiwa chumvi. Na bado nampenda. Hilo ndilo linaloniaibisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Susu. Niliona asikie kutoka kwangu kabla ya kusikia sokoni. Nikamwambia mtu mpole wa kwenye simu yake ni baba wa watoto wangu, na kwamba mjukuu wake simlaumu.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, nimekaa naye tangu Ndanu hajazaliwa. Akavuta pumzi. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

"Sisi tulishakula mbuzi, mama. Msichana wetu ni wa huko sasa. Kwenu walikula?"

Nikasema hapana.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Susu."

"Basi wewe hakuna mtu amekushika. Hata hao watoto ni wa babako."

Alikuwa analia. Kwa ajili ya mjukuu wake, si kwa ajili yangu. Nimeona nimemvunjia furaha ambayo nilimtengenezea mwenyewe Ijumaa. Lakini nilikaa kwenye kiti, simu mkononi, na lile neno halinitoki. Miaka yote nimekuwa nikiona haya kwa sababu ya hao mbuzi. Nikiwakwepa shangazi zangu harusini. Nikisema wako njiani. Wala sikuwahi kufikiri kwamba kamba ambayo hujafungwa nayo huna haja ya kuikata.

Nilifunga duka, nikachukua watoto, nguo na kompyuta. Kioko alisimama mlangoni akicheka kidogo. Anasema nitarudi kufikia Jumatano, wateja wangu hawawezi kunisubiri.

Tumefika Mutomo jioni. Baba hakuuliza lolote. Aliwaita watoto wale.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekuja. Na mbuzi.

Nilikuwa nachambua pojo na mama nikasikia kengele ya mbuzi ambayo si ya kwetu. Kioko, mama yake, na wazee wawili wa ukoo wao. Wamekodi gari. Mbuzi watatu walionona, mmoja mweupe mwili mzima. Kwa muda wote ule mvua haikutosha, na sasa kwa siku chache tu mbuzi wamepatikana.

Nilishtuka. Na niseme ukweli, nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kama msichana. Niliona shangazi zangu wote akilini.

Kisha mama yake akaanza kuongea, nikaelewa. Hakutaja jina langu. Alisema watoto. Watoto wanapotea, watoto ni wa ukoo, Mutuku ndiye mvulana peke yake. Akamwambia baba:

"Hawa watoto ni damu yetu, mzee."

Baba yangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama mtu anayelipia kila moja. Akasema, "Damu sijakataa. Mimi naona mbuzi, na mbuzi ndiyo naulizwa." Akachukua kisu kwa kaka yangu. Mzee mmoja wa upande wao alikuwa ameshavua koti, tayari kumshika mweupe. Baba akageuka, akanitazama mbele ya watu wote.

"Mwende, mwanangu. Nichinje?"

Sikujua kwamba ataniuliza. Mama hakuulizwa enzi zake. Nilimtazama Kioko. Alikuwa amevaa shati jipya ambalo mimi sikulipiga pasi. Alikuwa na uhakika. Alinitabasamia kidogo kama mtu anayemsubiri mwenzake afunge viatu waende.

Nikasema, "Hapana, baba. Kisu kirudi jikoni."

Sauti ilitoka yangu na nikashangaa ni ya nani. Mzee yule alibaki na koti mkononi, hajui alivae au alikunje. Mama mkwe aliketi chini, kwenye vumbi, na hakuna aliyemsukuma. Kioko akasema, "Mama Ndanu, unajua unachosema?" Nikasema najua. Sijawahi kumwona akishtuka, tangu nimjue. Akageuka akamtazama mama yake.

Baba aliwapa maji ya kunywa kwanza. Kisha akafungua kamba mwenyewe, akamrudishia Kioko mbuzi mmoja baada ya mwingine, mpaka garini.

Nimetapika nyuma ya jiko. Mama alinishikia kichwa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelala mpaka jua likapanda. Hakuna aliyeniamsha.

Ndanu ameuliza kwa nini hatukula wale mbuzi. Nimemwambia hawakuwa wetu. Amesema sawa, akaenda kuomba uji.

Nimelia kidogo, kimya kimya. Basi, machozi yamekuja hatimaye. Nikaacha.

Baada ya chai baba amewashika watoto mkono, mmoja huku na mmoja kule, wakaenda kuzunguka shamba. Amekuwa akisimama kila mahali na kuonyesha kwa fimbo: huu mkonge ni mpaka na jirani, huu ni wetu, hapa maji hupita. Mutuku amerudia kila kitu kwa sauti kubwa ili asisahau. Walipofika kona ya mbali, kule ambako baba alikuwa amewapimia kaka zangu sehemu zao za shamba, akasimama akachora mstari ardhini kwa kisigino. Sikusikia alichowaambia. Mutuku aliruka ndani ya mstari, na Ndanu akamfuata.

Nimewatazama mpaka walipoanza kurudi. Kisha nimeingia kuosha vikombe.