Bawa la Riziki na Sala Yangu

Baba Riziki,

Pokea salamu za huku Buffalo, Marekani, roho yangu imetulia sasa. Jana binti yako alitupeleka ziwani, mimi na wamama wa kanisa lake. Akajaza hewa bawa kubwa la kitambaa, pana kama chumba chetu, akalishika, akapanda ubao wake wa kuteleza majini ukisukumwa na upepo. Nikamwambia upepo ni mdogo. "Mama, ndiyo maana bawa ni kubwa," akajibu, akaenda zake.

Bon, basi, hofu ikanishika. Nikafumba macho, nikamwomba Mungu atulize upepo, wamama wakaitikia "Amina!" kwa nguvu. Kufumbua macho, upepo hakuna kabisa, na Riziki ameketi juu ya ubao mbali kule, haendi wala harudi. Sala yangu ndiyo iliyomkwamisha! Tukaanza upya, safari hii tukiomba upepo, lakini kidogo tu. Ukaja wa kutikisa kitenge. Bawa likaushika, mtoto akarudi hadi mbele yangu, anacheka. Nililia, nikamgombeza, nikamkumbatia na maji yake yote.

Sombe, yale majani ya muhogo niliyokupikia, iko kwenye friza hapo nyumbani, uipashe moto vizuri. Na ukituombea, mume wangu, habari ya upepo usiiguse.

Mama Riziki