Baba Anaamini Alisahau Namba

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili sijamwambia hata mke wangu.

Mimi ni fundi wa mitandao, nafunga intaneti majumbani na maofisini, na mwaka jana niliwafungia wazazi wangu adapta, kile kisanduku kidogo kinachounganisha simu ya mezani na intaneti, kwa sababu Baba macho yamepungua nguvu na simu za mkononi zinamshinda, anataka simu yenye vitufe vikubwa, basi nikafunga, mlio ukaja safi, tukafurahi, ila haikupita wiki Baba akaanza kulalamika kwamba akimaliza kubonyeza namba simu inakaa kimya kama imekufa, na kweli adapta ilikuwa inasubiri kama sekunde kumi ione kama kuna tarakimu nyingine inakuja, naye hana subira, anakata, anaanza upya, na namba pekee aliyokuwa na subira nayo ilikuwa yangu, ananipigia kila siku nikiwa juu ya ngazi kwa mteja aniambie, "Simu yako hii mbovu."

Siku moja nikachoka, nikapita pale mbio mbio, nikaingia kwenye mipangilio nikaiamuru adapta kwamba namba ni tarakimu kumi, zikitimia ipige papo hapo, na kitu kingine chochote ikikatae, nikajaribu mara moja kwa kupiga simu yangu mwenyewe, ikaita, Baba akacheka, mambo yakaisha. Mpangilio ule ulinipendeza hata nikauweka kwa wateja kama kumi na wanne, na hakuna aliyelalamika. Kabla sijaondoka nikamwambia Baba, tena kwa ukali, "Mambo ya kunipigia kazini sasa yaishe. Hata Mama akizidiwa usianze na mimi, mimi si daktari. Piga ile namba ya dharura, tarakimu tatu tu."

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mwezi uliopita, saa nane mchana, akaanguka jikoni wakiwa wawili tu nyumbani, na Baba akafanya kama nilivyomwagiza, akabonyeza zile tarakimu tatu, simu ikamlilia kwa ule mlio wa kukatika, akarudia, akarudia tena, mwishowe akajikokota na fimbo yake hadi kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara, jirani huyo akapiga kwa simu yake na gari la wagonjwa likafika baada ya dakika kumi, lakini Mama alikuwa ameshakata roho. Daktari alituambia angepatikana nusu saa mapema huenda tungekuwa tunazungumza mengine.

Wote tukaambizana kwamba mzee alichanganyikiwa akasahau namba, dada yangu mkubwa akamwambia mbele ya waombolezaji, "Tarakimu tatu tu, Baba," na kaka yangu tangu mazishi hali naye meza moja. Siku ya tatu baada ya kumzika Mama nilikwenda kuing'oa ile simu, nikafungua kumbukumbu za adapta, nikaona Baba alipiga mara kumi na moja, namba ile ile, sahihi, na kila mara mbele yake pameandikwa "imekataliwa". Mimi hakunipigia hata mara moja. Ukurasa ule nimeupiga picha, ninao kwenye simu yangu, nauangalia nikiwa chooni.

Sikuwaambia. Kinachonimaliza ni kwamba Baba mwenyewe amekubali, anasema, "Nilisahau, mwanangu. Nilidhani naijua." Sasa kila nikienda ananiomba nimuulize namba ya dharura, namuuliza, anaitaja sawasawa bila kusita, kisha ananitazama na kusema, "Sasa siku ile ilikuwaje?" nami nainama najifanya natafuta kitu kwenye begi langu la vifaa.

Mwisho wa mwezi ndugu zangu wanataka nyumba ifungwe, Baba ahamie kwa dada, awe anafungiwa mlango kwa nje akibaki peke yake kwa kuwa eti akili zimemtoka, na wananisubiri mimi kitinda mimba nikubali. Je, nikisema nitakuwa nimepata nini? Mama harudi, na Baba ana miaka themanini na moja. Ninyamaze nimtunze vizuri siku zilizobaki, au niseme niwapoteze wote?

Kitinda mimba, fundi wa mitandao

MSHAURI ANAJIBU

Pole sana kwa kumpoteza mama yako. Naisema hii kwa dhati na naisema kwanza, kwa sababu nikishaanza hutasikia utamu tena.

Wale wateja kumi na wanne umewataja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nyumba kumi na nne, bwana fundi, ambazo mtu akianguka leo simu itamkataa, na wewe mwezi mzima unaangalia picha chooni. Weka gazeti chini. Wapigie sasa hivi mmoja mmoja, waambie wasiitegemee simu hiyo mpaka ufike. Kisha nenda ukafute amri yako, uwaarifu watu wa dharura kwamba unafanya majaribio, upige namba yao, na usitoke kwenye nyumba ya mtu kabla hujasikia sauti ikijibu. Umemaliza? Sasa tuzungumze.

Kwa kosa la mipangilio sitakusulubu. Ulikuwa na haraka, ukajaribu kile ulichotaka kifanye kazi na kile usichokifikiria hukukijaribu. Mafundi hukosea hivyo, wapishi hukosea hivyo, na mimi katika kazi hii nimeshakosea hivyo. Utalibeba, na ni zito, sitakudanganya. Lakini ukimya huu wa mwezi mzima haukutokana na haraka. Huu unauchagua upya kila mzee anapoitaja namba sawasawa nawe ukainamia begi.

Unasema Baba amekubali. Amekubali nini? Amekubali kwamba mke wake amekufa kwa sababu yeye ni mjinga wa tarakimu tatu. Halafu unataka kumtunza vizuri. Huwezi kumtunza mtu huku umemwibia akili zake. Mnataka kumfungia mlango kwa nje mtu ambaye mchana ule, katika familia yenu nzima, ndiye peke yake aliyefanya kila kitu kama alivyoagizwa.

Kwa hiyo usisubiri kikao. Nenda kwake asubuhi, ukiwa peke yako. Usianze kulia, maana ukilia atakubembeleza, na kazi ya kubembeleza leo si yake. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo. Mpe ukweli bila kudai chenji. Atataka kujua kwa nini hakukupigia wewe, na hata asipouliza atawaza. Jibu ni kwamba ulimkataza. Liseme hilo kwa maneno hayo hayo, usilifunike kwa ufundi. Akikufukuza, ondoka, kesho rudi. Akikufukuza tena, rudi keshokutwa.

Baada yake, ndugu zako. Chapisha ile kumbukumbu kwenye karatasi, iweke mezani, waisome wenyewe. Huenda wakakususa, na kwa muda watakuwa na haki. Dada yako ana deni la kumwomba mzee radhi mbele za watu, kwa kuwa mbele za watu ndipo alipomdhalilisha. Suala la kufunga nyumba liamuliwe na mwenye nyumba, akiwa na akili zake zote.

Na asubuhi hiyo ukifika kwa baba yako usianze na habari za adapta. Mzee hana haja ya somo la tarakimu kumi. Vuta kiti, kaa mbele yake, umwambie: "Baba, hukusahau. Ulipiga mara kumi na moja, na zote ulipiga sawasawa."